Jalada la Kitabu cha Mama

Haya yalimkuta rafiki yangu mmoja, mchoraji wa majalada ya vitabu.

Mama yake alifariki kabla kitabu pekee alichokiandika hakijachapwa, na kazi ya jalada ikamwangukia mwanawe. Alichora sita, yote akayachana. Mchana mmoja akamaliza la saba, akakivisha nalo kitabu cha majaribio, kile chenye kurasa tupu cha kupimia unene. Akakumbuka mama alivyokuwa akilamba kidole kila anapofunua ukurasa, naye akimtania, "Mama, unavilowesha vitabu vya watu!"

Akakiweka mezani. "Haya mama, liangalie."

Umeme ukakatika. Chumba chake hakina dirisha. Giza totoro likatanda. Ndipo akasikia ukurasa ukifunuliwa. Kimya. Kisha mwingine, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Mama?"

Kurasa ziliendelea kufunuliwa, hata mwisho jalada likafungwa kwa upole.

Taa ziliporudi alikuwa peke yake. Akakifungua kitabu. Kurasa zilikuwa tupu vilevile, ila kila moja, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, ilikuwa imelowa pembeni.