Jina Lililomwagika na Oili

Tone lile lilikuwa la moto. Hapo ndipo Vuai alipopaswa kushituka, maana gari lilikuwa halijawashwa kwa siku mbili. Lakini Vuai akilala chini ya gari huwa haoni ila gari. Alijipangusa shavu, akaitazama giaboksi kwa chuki.

"Inavuja tena," alisema.

"Haiwezi," alijibu Njenga, Mkenya wa Nakuru, fundi mwenzake katika gereji ile ya Sanaiya, mtaa wa viwanda wa Doha. "Budaa, sili ya nyuma nimeweka mpya. Gasketi ya sampu mpya. Hata paipu za kupoza oili nimebadilisha. Sasa itavujia wapi?"

Ilivuja vilevile, tone jekundu baada ya tone, siku ya tisa sasa. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la Kimarekani, limeundwa kabla Vuai hajazaliwa, na kafili wao, tajiri aliyewadhamini nchini, alilipenda kuliko wanawe. Alikuwa ametoa neno moja tu. Likiacha kuvuja, atamsainia Vuai khuruji, kile kibali cha kutoka nchini. Likiendelea, asahau kwao. Na kwao Makunduchi, mkewe Arafa alikuwa katika mwezi wake wa tisa, baada ya mimba mbili kuharibika. Vuai hakutaka kitu kingine duniani ila kumpakata mtoto huyu.

Ilikuwa Julai, mwaka 2013. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa tisa, jua la Doha halimtaki mtu nje, na mafundi wote walikuwa wamepanda juu kulala kwenye ubaridi wa AC. Vuai alibaki na ukaidi wake. Akiwa amesimama kwenye meza ya vifaa alisikia tone likianguka. Kisha jengine. Ikaja harufu ya oili iliyoungua, na ndani yake harufu ya nywele zilizoungua, na alipogeuka kutazama chini ya gari, ambako hapakuwa na mtu wala paka, akasikia kilio cha mtoto mchanga, chembamba, kinachokatika kama cha mtoto aliyechoka kulia, na juu ya kilio hicho sauti ya mwanamke ikimbembeleza taratibu, ikirudia neno moja tu, mpaka Vuai akalielewa neno lenyewe.

"Raya," ilisema. "Raya."

Jina hilo walilijua watu wawili tu, yeye na Arafa. Majina ya wale wawili wa mwanzo yalitajwa mapema, jirani wakayashangilia, na wale watoto hawakufika. Safari hii Arafa alimwapisha mumewe kwamba hatalitoa mbele ya mtu yeyote mpaka siku ya saba baada ya kuzaliwa.

Njenga naye alikisikia kile kilio, kutoka kwenye ngazi. "Mimi nimeokoka," alinong'ona, "lakini huko chini sirudi."

Ijumaa baada ya sala, kwa wito wa Vuai, akaja Salim, mtu wa Chwaka, mlinzi wa jengo moja kule The Pearl, mtaa wa matajiri. Baba yake alikuwa msomaji wa kutoa majini, na kisomo alimwachia yeye. Alinusa hewa, akakunja uso.

"Mumemwaga nini cha moto?"

Vuai alikumbuka, na aibu ikampanda. Siku kumi nyuma aliimwaga oili chafu ya giaboksi hii ingali inatoa moshi. Pipa lilikuwa limejaa, akaona uvivu kutafuta jengine, akaitupa mchangani nyuma ya ukuta, simu ameibana begani, akiongea na Arafa. Yeye, ambaye mama yake hakumwachia kumwaga hata maji ya moto ya vyombo bila ya kupiga bismillahi.

"Umemuunguzia jini mtoto wake," Salim alisema kwa sauti ya chini. "Sasa nambie kweli. Badala ya jina la Mungu, ulisema nini wakati unamwaga? Lililotangulia ile oili ndilo alilolishika. Kama ni jina la mtu, lazima ulitoe hapa nilisomee. Ukilificha, mimi nitamtoa, lakini atatoka nalo."

Vuai alifungua mdomo kulitaja jina la Raya, maana ndilo alilolitamka simuni wakati ule. Akamwona Arafa akilia juu ya kitanda cha hospitali, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Salamu tu," alisema. "Namsalimia mke wangu."

Salim alimtazama sana, kisha akaanza kusoma. Alinyunyiza marashi magurudumuni, na gari lile lisilo na betri likatikisika juu ya vyuma vilivyolibeba, likanguruma, taa zikawaka nyekundu mchana kweupe, na joto likatoka chini yake likawasukuma wote ukutani, na ule moto ukawapita mlangoni ukiugulia kama mwanamke aliyebeba mzigo mzito.

Kisha kimya. Alasiri kafili alipitisha kidole chini ya giaboksi, akakitoa kikavu, akacheka, akasaini.

Vuai alipiga simu papo hapo.

"Nimejifungua mchana huu, hapa hapa nyumbani," Arafa alisema, furaha imemjaa. "Wa kike. Na mgeni wako keshafika."

"Mgeni gani?"

"Huyo mwanamke uliyemtuma. Kanambia katoka Doha leo. Nilitaka kumkatalia, lakini kamwita mtoto kwa jina lake. Nani angelijua kama si wewe? Maskini, kaungua mikono yote mpaka kifuani. Kasema na yeye alikuwa na mtoto wake."

"Arafa, mtoto yuko wapi?"

"Katoka naye uani, anambembeleza."

"Mfuate. Mpokonye."

Alizisikia nyayo za mkewe zikienda, mlango ukifunguka. Kisha sauti ya Arafa ikasema uani hamna mtu, ikauliza, polepole, ni nani aliyemwaga oili hapa kizingitini.