Fundo la Shekuwe

Zama zile mji wa Kiwandeo ulipozingirwa miezi mitano, na watu wakawa wanachemsha ngozi za viti wapate kula, ulisalia mtepe mmoja tu wa kuwatoa wanawake na watoto. Miongoni mwao alikuwemo Mwana Mize, mke wa Shekuwe, fundi wa kamba. Fundi mwenyewe alitakiwa abaki ukutani na mkuki wake.

Asubuhi ya safari Shekuwe aliishika henza, kamba ipandishayo tanga, akaifunga kitanzi kinachofunguka kwa mvuto mmoja. Nahodha Madi akakitazama, akasonya.

"Kitanzi tena, fundi? Juzi kiliachia, tanga likashuka mbele ya adui. Tumezika sita!"

"Nahodha, pale mlangoni mwa bahari upepo hugeuka ghafla, na tanga lisiposhushwa upesi chombo hupinduka. Fundo la kukaza likilowa huvimba, halifunguki ila kwa kisu."

"Bahari naiweza. Mishale ndiyo siiwezi. Kaza!"

Shekuwe akawakumbuka wale sita, akakaza. Laiti angebisha! Kisha akachomoa kisu chake, akampa mkewe.

Mwana Mize akakaza ukaya wake mweupe kichwani, akarudi nyuma. Watu wa Kiwandeo waliamini kwamba chombo kilichoshonwa kwa kamba kama mtepe ule, bila msumari hata mmoja, hakipakiwi chuma. Hata nahodha alikuwa ameacha jambia lake pwani.

"Bwana wee, niwavunjie miko watu arobaini? Tukipatwa na jambo watasema ni mimi."

"Na waseme! Chukua, Mize, nakusihi."

"Kaa nacho. Utanipa tukionana."

Mtepe ukapita katikati ya mishale, tanga limejaa, fundo halikulegea hata kidogo. Kule ukutani watu walikumbatiana. "Mikono yako ibarikiwe, fundi!" mmoja akapaza sauti. Macho ya Shekuwe yalikuwa mlangoni mwa bahari.

Upepo ukageuka. Akawaona wakiikimbilia henza, wakivuta, wakiling'ata fundo kwa meno. Mwanamke mmoja mwenye ukaya mweupe aligeuka akatazama ukutani. Chombo kikalala ubavu, kikazama na wote waliokuwamo.

Masika yale adui aliondoka, na wasimulizi wa Kiwandeo hawachoki kuusifu ukuta wao. Mtepe hawautaji. Lakini siku ya tatu baada ya kuzama kwake maji yalileta mlingoti, na fundo lilikuwa pale pale, limekaza. Shekuwe aliketi mchangani, akatoa kile kisu, akakata. Lilikatika kwa mkato mmoja tu. Akalia kwa sauti mbele za watu.