Samli Ndani ya Injini

Soko la Bukoba lilifurika Ijumaa ile ya mwaka 1946, kwa kuwa meli ya Mwanza ilikuwa imefika asubuhi. Verdiana, binti wa Mzee Mwijage wa Buganguzi, alikuwa akichagua kitambaa aliposikia sauti nyuma yake.

"Hicho chekundu kitakupendeza."

Akageuka amkemee huyo mchokozi, na kitambaa kikamponyoka. Nathanael! Miaka sita vitani, hadi Burma, na sasa huyu hapa na kaptula yake ya kaki, amekonda, macho ni yale yale.

"Umeolewa?" Hata salamu hakutoa.

"Ningekuwa nimeolewa ningekutazama hivi?" Alicheka, kisha machozi yakamlenga. "Lakini kesho Bartholomayo analeta pombe ya posa. Baba akiinywa, amekubali, nami nimekwisha. Na wewe hatakusikiliza bila kazi."

"Kuna ofisi inataka tarishi mwenye pikipiki yake. Nikifika nayo kesho kabla ya jioni, kazi ni yangu. Pikipiki yangu bado ipo kwenu?"

"Ipo, mpenzi. Nimeitunza kuliko nilivyojitunza mwenyewe."

Jumamosi asubuhi Nathanael alishuka kwenye lori Buganguzi na debe la petroli, akaingia kwenye kibanda cha kahawa nyuma ya nyumba ya Mzee Mwijage, Verdiana akimfuata. Akakanyaga kiki. Haikushuka. Akaning'inia juu yake kwa uzito wote, wapi! Alipofungua plagi na kuingiza kidole, kilitoka na uji mzito wa manjano unaonuka.

"Nani kafungua hapa?"

"Mimi."

"Wewe? Sema Bartholomayo. Mimi nalala matopeni, yeye anachezea pikipiki yangu. Na wewe pia, labda."

Maneno hayo yalimchoma Verdiana.

"Hiyo ni samli," alisema taratibu. "Bibi alipouhifadhi mkuki wa babu aliupaka samli, haukupata kutu maisha. Ulinionyesha plagi kabla hujaondoka. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilitia kidogo kwenye tundu lake. Miaka sita, Nathanael. Nilikuwa nakuombea huku natia."

"Umeniua," alinong'ona Nathanael, akakaa chini, kichwa mikononi. "Pistoni imeganda. Umeniua kabisa."

Verdiana alikimbilia jikoni akalia. Alilia kwa hasira, kwa aibu, kwa miaka yote aliyoipoteza. Kisha akapenga kamasi. Samli iliyoganda si ngeni jikoni, joto huiyeyusha! Akabandika chungu cha maji, yakachemka, akayabeba hadi kibandani.

"Sogea."

"Unafanya nini?"

"Sogea, nimesema!"

Akamimina maji ya moto juu ya silinda, chungu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nathanael aliweka gia, akawa anatikisa gurudumu la nyuma. Tik! Pistoni ikasogea, samli ikamwagika. Akachungulia ndani, akapitisha kidole.

"Hakuna kutu," alisema. "Bila samli, ukungu wa huku ungeila yote. Verdiana, umeiokoa. Nisamehe."

"Nitakusamehe ikiwaka."

Nathanael alimwaga petroli ya zamani, akatia mpya, akasafisha kabureta, wakakausha plagi motoni. Akapiga kiki mara ishirini, mara thelathini, goti likachubuka. Nje, nyimbo za watu wa Bartholomayo ziliingia uani. Verdiana alikata tamaa waziwazi. Alijiona tayari yuko kwenye nyumba ya mwanamume asiyemtaka.

Ndipo injini ikakohoa, ikanguruma, kibanda kikajaa moshi wenye harufu ya kukaanga.

Nathanael aliiendesha mpaka uani. Mzee Mwijage alikuwa ameketi na kanzu yake nyeupe, kibuyu cha rubisi, ile pombe ya posa, magotini, mrija mkononi.

"Zima hilo dude!" alifoka. "Mtu hasemi nami akiwa juu ya kiti."

"Usizime," Verdiana alimsihi kwa sauti ya chini. "Haitawaka tena."

Nathanael akamtazama, akazima. Akashuka, akapiga magoti.

"Tata," alisema, kama anayemwita baba yake mwenyewe, "namwomba Verdiana."

"Una kazi?"

"Nikifika Bukoba kabla ya jioni, ninayo."

"Na hilo likikataa kuwaka?"

"Nitakuwa sina. Lakini nisingeweza kukuomba binti yako kwa kukupigia kelele."

Verdiana naye alipiga magoti. "Tata, nimemngoja miaka sita. Usinywe."

Mzee aliutazama mrija mkononi mwake. Nathanael alirudi kwenye pikipiki, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Watu wa Bartholomayo wakacheka. Verdiana alifumba macho asione.

Akasikia kibuyu kikiwekwa chini. Alipofumbua, baba yake alikuwa amekunja mikono ya kanzu na kushika pikipiki kwa nyuma, akiielekeza kwenye mteremko wa kwenda barabarani.

"Shika upande ule, binti yangu," alisema. "Tusukume. Mkwe wangu atachelewa kazini."