Chupa Sita za Mto Kathita

Mto Kathita ulilipiga Landrova ubavuni kabla Runji hajamaliza kubadilisha gia. Walipoingia kivukoni maji yalifika magotini. Kufumba na kufumbua yalikuwa dirishani, mekundu, yamebeba migomba na kuku aliyekufa. Gari likalala. Mlango ukaubana mguu wa Runji na kuuchana kuanzia gotini hadi karibu na kifundo. Celina alimkamata dereva ukosi akamvuta. Njoka alijivuta mwenyewe. Wote watatu waliishia kwenye kisiwa cha mawe na mchanga kisichozidi zizi la mbuzi.

"Hakukuwa na mvua," Njoka alisema, akitema mchanga. "Anga ilikuwa safi kabisa!"

"Hapa Tharaka ilikuwa safi. Mvua iko huko juu mlimani, Kibirichia. Nilikuambia tungoje," Celina alijibu.

Alikuwa amemwambia mara mbili. Lakini Njoka alikuwa wakili wa serikali kutoka Nairobi, naye Celina alikuwa ofisa wa maji wa Meru mwenye diploma tu. Ilikuwa Novemba 1997, mvua za El Nino zilikuwa zimebeba madaraja, na wakili alitaka picha za mto kwa ripoti yake kuhusu plastiki baharini. Angeisoma katika mkutano ng'ambo. Watu wa aina hiyo hawangojei mto.

Saa moja kabla ya kuvuka, ukingoni, Njoka alikuwa amekunywa maji ya chupa na kunawa mikono kwa yaliyobaki, akatupa chupa zote majini. Sita.

"Mkubwa, si hizo ndizo unaandikia ripoti?" Runji alimuuliza.

"Mkataba unakataza meli kutupa plastiki baharini," Njoka alijibu, akipangusa midomo. "Kuhusu mito, Sheria ya Bahari inaiachia kila nchi itunge sheria zake. Sisi bado. Na mimi si meli."

Alicheka peke yake.

Sasa hakuna aliyecheka. Celina alifunga mguu wa Runji kwa leso yake, akakaza mpaka damu ikapungua.

"Mfukoni una nini?" alimuuliza wakili.

"Kalamu. Na beji ya mkutano."

"Hiyo beji ina pini?"

"Ndiyo."

"Lete pini. Beji kaa nayo."

Alibana leso kwa ile pini. Kisha akachimba shimo kwenye mchanga, hatua tatu kutoka majini, akangoja. Maji yalichujika polepole, ya rangi ya chai hafifu. Aliyateka kwa chupa yake, ya pekee iliyobaki, akampa Runji kwanza.

Njoka alikuwa ameshainama mtoni na viganja vyake.

"Kunywa tu," Celina alisema. "Huko juu ng'ombe wamekufa, na vyoo vimezolewa. Lakini wewe umesoma."

Njoka akayamwaga yaliyokuwa viganjani.

Asubuhi ya pili mguu ulikuwa umevimba na kung'aa. Runji alikuwa moto kama jiko. Ng'ambo, mwanamke aliyeitwa Karwirwa alifika na mbuzi wake, akawaona, akapiga kelele mpaka wanaume wa kijiji wakaja ukingoni.

"Mto bado una hasira! Wanaume wamekataa kuingia!"

"Mna kamba?" Celina alipaza sauti.

"Ya katani! Lakini haiwafikii huko!"

Celina alikaa akatazama maji. Taka zilipita bila kukoma: mifuko, makopo ya mafuta ya kupikia, ndara, chupa. Masoko yote ya juu yalikuwa yamemwaga tumbo hapa. Baada ya saa nzima aliona jambo moja. Kila kinachopita upande wa kushoto wa kisiwa kilivutwa hadi kwenye kona, ng'ambo, kikakwama kwenye miiba. Alitupa kipande cha mbao. Kikaenda huko huko.

"Karwirwa! Leta kamba kwenye ile kona!" Akageuka. "Tunahitaji vitu vya kuelea. Runji hawezi kuogelea, na sisi wawili tumezaliwa mlimani."

"Niende mimi kwanza," Njoka alisema. "Nitafute msaada."

"Msaada uko pale, unachunga mbuzi. Unaenda wapi?"

Celina alivunja tawi lenye miiba akamtia mkononi. Siku nzima wakili wa serikali alisimama majini hadi mapajani, akivua takataka. Nyingi zilikuwa zimetoboka. Jioni walikuwa na makopo mawili, chupa nne nzima, na gunia la plastiki lililonaswa kwenye jiwe.

"Hazitoshi," Celina alisema. "Zingekuwa kumi, tungevuka sasa hivi."

Njoka alitazama mto unakoelekea.

"Zako ziko Tana," Celina alimwambia. "Zinakimbilia mkutano wako."

Usiku ule Runji aliweweseka, akimtukana wakili kwa Kimeru. Hakuna aliyemzuia.

Kulipopambazuka Njoka alikuwa tayari majini. Alipata chupa saba zaidi kabla ya jua kukolea. Walizikaza vifuniko, wakajaza gunia, wakamlaza Runji juu yake. Celina alishika kichwani. Njoka alijifunga kamba ya gunia kifuani.

"Ukiachilia, nitakuzamisha mwenyewe," Celina alisema.

"Siachilii."

Mto uliwanyakua. Njoka alimeza maji, akagonga jiwe kwa bega, akapiga yowe, lakini mkono wake haukutoka kwenye mshipi wa Runji. Kona ikawajia kwa kasi. Kamba ya katani ikatua juu yao. Karwirwa na wanaume wanne wakavuta.

Runji alilazwa kwenye machela ya matawi. Njoka alifungua kamba kifuani na, bila kufikiri, akalisukuma gunia kwa mguu lirudi majini.

Celina hakuinua sauti. "Bwana wakili. Umeelea?"

"Nini?"

"Umeelea. Umebeba mzigo na abiria. Sasa niambie, kwa mkataba wako, chombo kama hicho kinaruhusiwa kutupa plastiki?"

Karwirwa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Njoka alilikamata gunia kabla maji hayajalichukua.

"Hakiruhusiwi," alisema.

"Basi beba."

Alilibeba kilomita tisa, kwa bega lililoumia, nyuma ya machela. Watu njiani walimuuliza bei ya chupa. Katika zahanati tabibu alikata leso, akanusa, akasema mguu utabaki lakini hautakunjika tena vizuri. Wangefika jana, ungepona wote.

Njoka alisikia. Alikaa kwenye benchi kando ya kitanda, gunia mapajani, maji yakichuruzika kwenye viatu vyake.

Jioni Runji alifumbua macho, akamwona.

"Mkubwa," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "si uweke hiyo kitu chini."

Njoka alitazama sakafu, mlango, na mteremko wa kwenda mtoni.

"Chini wapi?" aliuliza.