Tuta la Marehemu Fermín

Nereida alikuwa akipika kahawa huku amevaa mabuti ya mpira. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji ya matope yalimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Wenzetu wana bwawa la kuogelea nje," alimwambia mumewe, Eliezer. "Letu liko jikoni."

Eliezer hakucheka. "Naagiza kifusi. Nakifukia kinamasi chote huko nyuma."

Jirani yao Zoraida, mfanyakazi wa hifadhi ya mikoko, alimsikia kutoka uani.

"Ukifukia, maji yatakuja kwangu! Bomoeni lile tuta linalozuia maji kuingia mikokoni, jirani."

Bi Monserrate, mama yake Eliezer, aliweka kikombe mezani kwa kishindo.

"Tuta lile kalijenga marehemu mume wangu! Zamani hapa palikuwa maji matupu. Fermín na wenzake wakachimba mitaro, wakapanda miwa. Tuta lile ndilo lililotulisha."

Zoraida aliingia, akaketi karibu naye.

"Ni kweli, mama. Lilizuia maji ya bahari yasiingie kwenye miwa. Na maji ya mvua je, nani aliyatoa?"

"Pampu za kiwanda cha sukari."

"Kiwanda kimefungwa. Siku hizi nani anaziwasha?"

"Nani awashe? Zimeoza."

"Basi mvua ikinyesha milimani, maji yanateremka, yanakwama kwenye tuta, yanarudi jikoni. Tukilifungua yataingia kwenye mikoko na kutulia huko. Na tukiongeza mikoko, bahari ikichafuka, nguvu ya mawimbi itapungua kabla hayajatufikia."

Bi Monserrate alilengwalengwa na machozi. "Mnataka kumfuta mume wangu."

Nereida alimshika mkono. "Mama, baba angekuwepo, angekubali nipike nimesimama majini?"

Mama mkwe aliyatazama mabuti yale.

"Fermín?" alisema polepole. "Angeshachukua sepetu."

Mafundi wa hifadhi walikuja kwanza kupima ardhi na kuonyesha mahali salama pa kufungua. Kisha majirani wakaanza kuchimba. Bi Monserrate alijifungia ndani. Lakini mchana alitoka na sufuria ya wali na maharage, akasimama akiwatazama.

"Mnajichosha bure hapo," alisema. "Fermín alishindilia mawe upande huo. Sogeeni kushoto."

Walisogea. Maji meusi yakapita.

Miezi iliyofuata walipanda miche ya mikoko kwenye matope. Septemba mvua kubwa zilinyesha mfululizo. Maji yalijaa kinamasini, lakini jikoni pakabaki pakavu.

Asubuhi moja Nereida alimkuta mama mkwe amesimama kando ya maji, nguo zimelowa.

"Mama, utaugua! Unafanya nini huku?"

"Shh! Utawafukuza."

Kundi la bata wa mwitu lilikuwa likielea katikati ya miche.

"Nilikuwa nikiwaona nikiwa msichana, kabla ya miwa," Bi Monserrate alinong'ona. "Nilidhani wamekwisha wote."