Pistoni Kutoka Banda la Kuku

Kila siku akitoka shule, Hafidha alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akakimbilia gereji ya Mjomba Twalibu pale Bigwa. Humo, nyuma ya bodaboda zilizoletwa kutengenezwa, ilikaa Panzi, pikipiki ndogo ya kijani ya mashindano ya watoto, fupi kwa kimo lakini yenye makelele kuliko mashine ya kusaga. Mjomba aliinunua ikiwa kuukuu, akaifufua, akawapa Hafidha na rafiki yake Asia waitumie kwa zamu. Mashindano yaliyopita alikimbia Hafidha. Ya Jumamosi hii yalikuwa zamu ya Asia, na Asia hakuwa na mazungumzo mengine.

Basi Jumatatu Panzi ikapigwa kiki, ikapigwa tena, wapi. Mjomba akafungua injini, akachungulia, akaguna.

"Imenoki. Pistoni imekwaruzika, na silinda nayo imechimbika. Hafidha, wewe ndiye uliyeiendesha jana. Kulitokea nini?"

"Ilizima tu, mjomba, nikipanda mlima," alijibu Hafidha akitazama chini.

Kuzima ilizima kweli, ila hakusema yote. Panzi hainywi petroli tupu kama bodaboda. Petroli yake lazima ichanganywe na oili kwanza, la sivyo vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Mjomba alikuwa ameliimba jambo hilo mpaka akachoka. Lakini jana yake mchanganyiko ulikwisha, Hafidha akatamani mzunguko mmoja zaidi, na kando ya barabara palikuwa na petroli ya chupa. Akamimina. Panzi ikafia kilimani.

Spea mpya za pikipiki ya namna ile hazikuwepo mjini, na kuagiza nje kungechukua wiki nyingi. Ikabidi watafute zilizotumika. Mjomba aliifunga pistoni mbovu kwenye kitambaa, akawakabidhi wasichana.

"Msiende kwa muuza spea mikono mitupu," aliwaambia. "Ukitaja jina tu, kila mtu atakuletea anachokijua yeye. Mpeni hii ailinganishe."

Wakazunguka Morogoro mjini, duka hadi duka. Muuzaji mmoja aliiweka ile pistoni kando ya pistoni ya bodaboda, akacheka. "Wadogo zangu, hii yenu bado inanyonya. Hapa tuna za watu wazima."

Asia hakukata tamaa. Kila jioni wakirudi miguu imejaa vumbi, alimshika Hafidha mkono. "Aisee, nakushukuru sana. Wewe umeshakimbia zamu yako, ungeweza kukaa nyumbani." Shukrani ile ilimkwama Hafidha kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka kusema, akaona aibu, akaitikia tu, "Usijali."

Siku ya Alhamisi muuza matairi ya mtumba aliitazama pistoni, akakumbuka mama mmoja wa Kingolwira, Mama Leonard, ambaye mwanawe alikuwa na pikipiki ya aina hiyohiyo zamani, kabla hajawa mtu mzima. Mjomba akafunga gereji mapema, wakapanda bajaji wote watatu.

"Shikamoo, mama," walimwamkia wasichana.

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Walipomweleza shida yao, Mama Leonard akawapeleka hadi banda la kuku. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani, na juu ya kiti chake alilala kuku mwekundu. "Dereva wa siku hizi ndiye huyo," alisema, wote wakacheka. "Chukueni pistoni na silinda kwa moyo mmoja. Vilivyobaki niachieni. Leonard ana mtoto, na huenda siku moja akaifufua."

Mjomba akajikuna kichwa. "Tatizo, mama, injini haifi bila sababu, na sababu ya yetu siijui. Pengine ni kabureta, haipitishi mafuta ya kutosha. Nikifunga pistoni yako bila kubadilisha kabureta, nayo itaungua."

Mama Leonard alilipapasa tangi la pikipiki. "Basi ng'oeni na kabureta, na chochote mnachohitaji. Nisimnyime mtoto kukimbia kwa ajili ya vyuma."

Asia akapiga magoti kumshukuru. Mjomba akachukua spana.

"Mjomba, usifungue kabureta," alisema Hafidha. "Yetu haina kosa. Niliweka petroli tupu, ya chupa. Sikuchanganya oili."

Asia aliinuka taratibu. "Siku zote hizi nakushukuru, na wewe unaitikia?"

"Niliona aibu. Nisamehe, Asia."

Asia alitoka akaenda kusimama peke yake penye uzio.

"Nimekasirika, na nyumbani tutaongea," alisema Mjomba. Lakini aliiacha kabureta, akafungua pistoni na silinda tu. Mama Leonard akamshika Hafidha bega. "Asante, mwanangu. Umemwachia mjukuu wangu pikipiki yake."

Ijumaa baada ya shule Hafidha alikaa gerejini akisugua vyuma, mikono myeusi tii. Jioni Asia akaja, akasimama mlangoni.

"Changanya nikiona," alisema.

Hafidha akapima oili, akaimimina kwenye petroli, akatikisa dumu, akampa. Asia akanusa, akatikisa kichwa kukubali. "Haya, weka."

Jumamosi, uwanjani chini ya milima ya Uluguru, Asia alimaliza wa nne, matope mpaka masikioni, na Panzi haikukohoa hata mara moja. Mama Leonard naye alikuja, na kikapu cha mayai ya kuchemsha ya yule dereva wake.

Mjomba Twalibu aliwaita wasichana wakae karibu naye. "Pistoni tumepewa na Mama Leonard, na tutamshukuru daima," alisema. "Lakini Hafidha asingesema kweli, ningemng'olea mama wa watu kabureta bure, na siku moja petroli tupu ingeingia tena humu. Ukikosea, sema mapema, wanangu. Anayekusaidia anahitaji kujua anatengeneza nini."

Asia alimenya yai, akalikata katikati, nusu akampa Hafidha. "Asante kwa kusema," alimwambia.

Safari hii Hafidha aliipokea ile asante, ikashuka vizuri pamoja na yai.