Topazi ya Mama Iliyopasuka

Kila Jumamosi asubuhi, Kadzo na mama yake, Kache, waligawana kazi za nyumba yao ya vyumba viwili huko Bondeni. Mama alifua nguo uani kabla ya kwenda kazini katika duka la kanga, Biashara Street. Kadzo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliosha vyombo na kutwanga iliki ya chai. Kabla ya kutia mikono kwenye povu, mama alivua pete yake ya fedha na kuiweka kwenye kisahani juu ya kabati.

Pete hiyo ilikuwa na jiwe la topazi, lenye rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Mama aliinunua alipotimiza miaka kumi kazini. Aliyemuuzia ni Bi Nasiha, mwanamke sonara wa Mji wa Kale aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake.

Wiki hiyo Kadzo alikuwa amejisifu darasani kwamba mama yake ana kito cha kweli. Mwenzake, Tony, alimcheka. "Kigae cha chupa hicho! Kito cha kweli hakivunjiki. Kigonge uone."

Sasa Kadzo alikuwa ameshika mchi wa chuma wa kutwangia iliki, na pete iko pale kabatini. Mama alikuwa bado uani akianika nguo. Kadzo aliiweka pete kwenye sakafu ya saruji, akaligonga jiwe mara moja tu, tena si kwa nguvu.

Tak! Nusu ya jiwe ilibaki kwenye meno ya pete. Nusu ya pili iliteleza hadi chini ya meza.

Aliokota kile kipande, akakiegemeza mahali pake na kuirudisha pete kwenye kisahani. Mama alipokuja kuivaa, kipande kilimdondokea kiganjani.

"Ala! Nini hii? Kadzo, umeigusa pete yangu?"

"Hapana, Mama."

Mama aliligeuzageuza jiwe karibu na dirisha. "Basi Nasiha ameniuzia kioo," akasema kwa uchungu. "Vaa viatu, twende."

Walimkuta Bi Nasiha kwenye karakana yake, akisugua kikuku. Kadzo alimwamkia, "Shikamoo, Bi Nasiha," kwa sauti iliyosikika kwa shida. Mama alikataa kuketi. Bi Nasiha aliipokea pete, akaweka lenzi ndogo jichoni na kulichunguza jiwe bila haraka.

"Kache, dada yangu, kioo kikivunjika huacha mkato uliopinda, kama chupa," alisema. "Hapa pamekatika sawasawa, panang'aa. Hii ni topazi, na imegongwa."

"Imegongwa na nani? Nyumbani tuko mimi na binti yangu tu, naye hajaigusa. Mwanangu hasemi uongo."

Bi Nasiha alimtazama Kadzo. Kadzo aliyatazama makubadhi yake. Mama akaichukua pete yake akatoka.

Tangu siku hiyo Kadzo alitamani mama amgombeze kwa jambo lolote, lakini mama alizidi kumpenda. Alhamisi, alipopitia dukani baada ya shule, alimkuta mama akizungumza na Rosebella, mteja wake wa siku nyingi, mbele ya wateja wengine wawili. Rosebella alikuwa amemwagizia Bi Nasiha vipuli vya harusi ya bintiye.

"Mimi nakuambia kama dada," mama alisema. "Huyo sonara anauza vioo. Bahati yangu ni huyu mtoto. Angalau yeye hanidanganyi." Akamvuta Kadzo karibu na kumpapasa kichwani.

Rosebella alitoa simu yake. "Basi namwambia Nasiha asivitengeneze."

Kadzo alihisi mkono wa mama kichwani ukiwa mzito kama gunia. Aliaga kwamba anakwenda nyumbani, kisha akashika njia ya Mji wa Kale, mara anatembea, mara anakimbia.

Bi Nasiha alikuwa ameketi bila kufanya kazi, simu mbele yake.

"Ni mimi niliyeligonga jiwe," Kadzo alisema kabla hata ya kuamkia. "Niligonga kwa mchi. Nilitaka kujua kama ni kito cha kweli." Machozi yakamtoka.

Bi Nasiha alifungua kijaluba, akatoa topazi ndogo na kuipitisha juu ya kipande cha kioo. Kioo kikachorwa mstari mweupe. Akalikwaruza jiwe lenyewe kwa sindano ya chuma. Halikupata hata alama.

"Umeona lilivyo gumu? Lakini ugumu wa kutokwaruzika si sawa na ugumu wa kutopasuka. Ndani yake topazi ina mpangilio, mfano wa ukuni. Ukuni ukiupiga shoka kwa kufuata nyuzi zake, unapasuka upesi. Topazi nayo ina upande mmoja ambako pigo dogo tu huipasua. Jiwe la mama yako lilikuwa la kweli, na ndiyo sababu lilipasuka vile."

"Nisamehe, Bi Nasiha."

"Mama yako ndiye anayepaswa kusikia. Nikusindikize?"

Kadzo alitikisa kichwa kukataa. Alirudi Biashara Street peke yake. Rosebella alikuwa bado dukani, pamoja na wale wateja wawili. Kadzo alitamani kusubiri watoke, lakini hao ndio waliosikia maneno ya mama.

"Mama, Bi Nasiha hakukuuzia kioo. Niligonga jiwe, kisha nikakudanganya."

Mama aliacha kukunja kanga. Uso wake ulibadilika, na kwa muda hakuweza kumtazama mwanawe wala wateja. "Nimemchafulia mtu jina," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. Rosebella alikuwa tayari anapiga simu kumrudishia Bi Nasiha kazi yake.

Jioni hiyohiyo, mama na Kadzo walikwenda kuomba radhi. Siku iliyofuata walizunguka nyumba tatu za watu wengine ambao mama alikuwa amewaambia habari ile, na kila mlangoni Kadzo ndiye aliyesema. Mlango wa tatu ulimwia mgumu kama wa kwanza.

Bi Nasiha alikikata upya kipande kimoja cha topazi na kukipachika kwenye pete. Jiwe lilikuwa dogo sasa. Alipomkabidhi mama pete yake, alimgeukia Kadzo.

"Kuvunja kitu kunaweza kumpata yeyote, mwanangu. Lakini siku tano nilizoitwa mwongo, wewe ulikuwa unajua ukweli. Ukikosea tena, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako."

"Nimesikia, Bi Nasiha," Kadzo alijibu, na safari hii alimtazama usoni.